Mwezi wa Juu na Mwezi wa Biro

Mume wangu hakunipiga hata siku moja, wala hakuniletea mwanamke mwingine. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba mwanamume alimtendea mkewe ubaya, akili yao inakimbilia huko, na nikiwaambia hapana, wananitazama kama mtu anayelalamika bure. Alichonitendea ni kitu kingine, na kilianza na sukari.

Yeye alikuwa karani kwenye bandari ya Kalundu. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na kaka zangu wote walikuwa wavuvi. Tulikaa Kilibula, katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi ambalo lilikuwa linavuja upande wa watoto. Mvua ikianza kunyesha, watoto wetu wawili walikuwa wanaamka wenyewe, wanakunja mkeka na kuhamia kona nyingine, bila hata kuniita. Walikuwa wamezoea, na mimi mazoea yao yalikuwa yananiuma.

Lazima nieleze jinsi sisi watu wa pwani ya ziwa tulivyokuwa tunaishi na pesa, maana bila hilo mambo haya hayaeleweki. Ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwaka, samaki hawaijali taa, mitumbwi inalala mchangani, na wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi ukizimika, taa zinarudi majini, samaki wanajaa, na madeni yanalipwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu mtu akisema "mwezi ukiisha nitakulipa," alikuwa anasema juu ya mwezi wa angani. Hatukuwa na mwezi mwingine.

Mume wangu alikuwa na mwezi mwingine. Wake ulikuwa kalenda iliyopigiliwa misumari kwenye ukuta wa biro, yaani ofisi yake, na ulikuwa unaisha pale mkubwa wa bandari alipofungua dirisha la mishahara. Tulipooana tu, aliniambia, "Mwezi ukiisha, nitakununulia kikwembe." Mwezi ulipozimika nikaoga, nikajipaka mafuta, nikaketi mlangoni kumngoja aniletee kikwembe changu, kitenge kipya. Akarudi mikono mitupu. Nikanuna mpaka akaniuliza, na nilipomwambia, alicheka hadi akashika ukuta. "Mama, minye nilisema mwezi wa biro! Weye iko unangalia juu!"

Toka siku hiyo huo ukawa utani wa nyumba yetu. Kila mgeni aliyekula kwetu aliusikia. Mtu akiahidi kitu, mmoja wetu aliuliza, "Mwezi wa juu ao mwezi wa biro?" Nilikuwa naupenda utani huo. Nilijiona mke anayejulikana mpaka ndani ya kichwa chake.

Juu ya pesa hatukufanana hata kidogo. Mimi niliziweka ndani ya vitu. Ndagala wakiwa wengi na bei imelala, nilinunua mabeseni, nikawaanika mchangani, nikawajaza kwenye magunia, nikayapandisha darini. Mwezi ukiwaka na samaki wakikosekana, niliyashusha. Akina mama walikuwa wanatelemka kutoka milimani Mulenge na maharage na siagi ya ng'ombe, tunabadilishana, na wengine wananilipa taslimu. Utajiri wangu ulikuwa unanuka, na kila aliyeingia nyumbani aliujua. Yeye alipenda pesa ya karatasi, iliyonyooka, isiyosema kitu, ndani ya sanduku la bati ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni chini ya shati. Magunia yangu aliyaita franga zinazooza. Mimi zake niliziita franga zisizopikika. Tulicheka, tukaendelea.

Uhuru ulikuja, tukacheza ngoma. Nilicheza mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Baada ya hapo mshahara ukaanza kuruka, unakuja mwezi huu, mwezi ujao hauonekani. Vitu vilivyokuwa vinatoka Usumbura, kama tulivyoita mji ule wa ng'ambo ya ziwa wakati huo, vikapanda bei kila juma. Jumapili moja, tumetoka kanisani, mume wangu alinitolea kiti, yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaketi mbele yangu kama vile niko bironi kwake.

"Mama, tunapashwa kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Vyote." Kisha akalegeza sauti. "Tukipunguza vizuri, tutaweka mabati. Mvua zingine hazitakuta batoto ndani ya majani."

Alinipata hapo hapo. Angesema tupunguze ili anunue baiskeli, ningemwonyesha mlango. Lakini alisema mabati, na alisema watoto, na mimi nikaona paa linang'aa juu ya mikeka mikavu. Nikamwambia sawa.

Tulipunguza basi. Sabuni tuliikata kwa uzi, vipande vyembamba ambavyo ukivisugua mara mbili vinapotelea mkononi. Sukari iliondoka kabisa. Mtoto mdogo alikinusa kikombe cha chai, akakirudisha mezani, akasema hii si chai, na baba yake akacheka akamwambia ndiyo chai ya wenye mabati. Mafuta ya mawese yalipimwa kwa kijiko, na kijiko alikishika yeye. Karani mzima anasimama jikoni kwangu na kijiko! Nilitaka kumfukuza, lakini naye alijipunguzia. Aliacha sigara. Aliacha pombe ya ndizi na marafiki zake siku ya mshahara. Kola ya shati ilipochakaa aliniomba niifumue niigeuze, akaivaa hivyo hivyo bironi. Ndiyo maana nilimwamini. Ningemwona ananenepa wakati sisi tunakonda, ningejua.

Kilichonishinda kukubali upesi ni magunia. Alitaka niyauze yote, pesa iingie sandukuni, na nisinunue mengine mpaka mabati yamefika. Alisema hatuwezi kupunguza huku na kutapanya kule. Nikamwambia haya si matumizi, haya ni kazi yangu, ukiyauza leo kesho sina cha kuanzia. Tulivutana siku nyingi. Mwishowe mvua ilinyesha, watoto wakakunja mkeka wao, na mimi nikatelemsha magunia. Nilimhesabia pesa mkononi, akazinyoosha moja moja juu ya paja lake, akazifungia. Dari ilibaki tupu, na nyumba ikaacha kunuka. Nilikosa usingizi kwa kuikosa harufu ile.

Mvua zikapita, zikarudi. Nikiuliza mabati yako wapi, ananijibu, "Mwezi ukiisha." Nikiuliza mwezi wa juu ao wa biro, tunacheka wote wawili, na swali linaishia kwenye kicheko.

Wakati huo huo mama yake mzazi, aliyekuwa anakaa kwenye bonde la Ruzizi, alipelekwa Usumbura pamoja na familia ya kaka mkubwa wa mume wangu na watoto wa marehemu dada yao. Tuliambiwa anatibiwa miguu. Nilimfungia ndagala wa kwenda nao, wale wachache niliopewa na kaka yangu. Sikuuliza nani amelipa safari, wala nani atalipa nyumba huko. Wake za makarani wengine nao wakaanza kwenda kusalimia ndugu zao ng'ambo, mmoja mmoja, na hawakurudi. Niliwacheka. Nilimwambia mume wangu, tazama hawa wanawake, wanakimbia vita ambayo haijafika. Naye akacheka pamoja nami. Kile kicheko chake nakikumbuka mpaka leo.

Vita ikafika. Waasi, vijana waliovaa majani kichwani, walikuja wakiimba, askari wa serikali wakaondoka, na ikajulikana mjini kwamba mtu yeyote aliyekuwa anashika kalamu ya serikali anatafutwa. Nataka kusema wazi kwamba sikumlaumu kukimbia. Mimi mwenyewe nilimwambia kimbia. Asubuhi tulishuka ziwani, yeye na mimi na watoto, sanduku la bati limefungwa ndani ya mkeka. Mvuvi mmoja mrefu wa Kalundu alikuwa ameshasimama majini, ameshika mtumbwi. Nilikuwa nimefunga na vitu vya watoto.

"Apana, mama," mume wangu akasema. "Mutumbwi ni mudogo. Batoto watalia, watu watasikia. Mwezi ukiisha, mushuke hapa hapa, alfajiri. Nitatuma muntu awavushe."

"Tuachie basi franga kidogo za ndani ya sanduku."

"Wakikukuta na franga watakuua. Iko nakuchungia."

Sikumuuliza mwezi gani. Nilikuwa nalia, na siku ya namna ile nani anataka utani? Aliwashika watoto kichwani, akapanda. Mwezi ulikuwa bado unaonekana, mweupe juu ya milima, asubuhi ile.

Nikangoja uishe. Ulipozimika kabisa, nilishuka na watoto kabla ya jua, tukaketi nyuma ya mawe na mafurushi yetu. Hapakuja mtu. Tulishuka tena asubuhi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka vijana wenye majani wakaanza kulinda pwani na tukaogopa. Nilikuwa narudi nyumbani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, ndipo wazo likanipiga nikasimama katikati ya njia. Mwezi wa biro! Mwisho wa mwezi wa biro ulikuwa umepita siku kadhaa kabla ya giza. Maskini, alimtuma mtu, mtu akafika, akatutafuta kwenye mawe, akatukosa, akarudi akamwambia mkeo hakuja.

Nililia kwa ajili yake. Nawaambia kweli, nilimlilia yeye. Nilimwona amekaa huko ng'ambo, hajui kama tuko hai, na kosa ni la kichwa changu cha mvuvi kinachotazama juu. Nikajitukana, mjinga weye, miaka yote anakucheka na bado hujajifunza.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, na ilikuwa migumu kwangu kuliko kwa jirani zangu. Wanawake wenye magunia darini walikula, wakauza, wakabadilisha na chumvi. Mimi dari yangu ilikuwa safi. Nilikwenda kuwaanikia wenzangu samaki wao ili nipewe beseni moja la makombo, mimi ambaye walikuwa wananikopa. Watoto wakiuliza baba amewaacha kwa nini, niliwaambia hakuwaacha, alituma mtu, mama ndiye alikosea mwezi. Nilirudia mara nyingi mpaka wakakariri. Siku moja nilimsikia mkubwa akimweleza mdogo, "Baba ni muzuri, ni mama hajui kuhesabu." Nikaendelea kuchambua makombo yangu, kwa sababu niliamini ndivyo ilivyo.

Pwani ilipolegea kidogo, kaka yangu alituvusha. Tulifika Usumbura mvua inanyesha, tukaulizia kwa Wakongomani wenzetu, tukaonyeshwa nyumba. Kabla sijapiga hodi niliisikia mvua juu ya paa. Mabati. Mtu aliyelala chini ya nyasi maisha yake yote anaitambua sauti hiyo.

Ndani, mama mkwe wangu alikuwa ameketi na kikombe cha chai, na mbele yake bakuli la sukari, limejaa. Watoto wangu hawakumsalimia bibi yao, walilitazama bakuli. Mume wangu alitoka chumbani, akasimama, akaruka kunikumbatia.

"Ulikuwa wapi? Nilituma muntu, mwisho wa mwezi! Akawakosa!"

"Nilijua!" nikapiga kelele. "Minye niliangalia mwezi wa juu!"

Aliniachia, akanitazama. Alikuwa kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta kama zamani, akawaita majirani waje wasikie. Sasa utani wetu ulikuwa na vita ndani yake, na watu waliupenda zaidi. Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimeokoka, watoto wangu wanalamba sukari kwenye viganja, na mume wangu alikuwa hajanitupa.

Kuhusu mabati tuliyoahidiwa, nilijieleza mwenyewe. Nilisema nyumba ni ya kupanga, pesa imeliwa na kodi, vita haina macho, tukirudi tutaanza upya. Nilikuwa hodari sana kumtetea. Hakuhitaji kusema kitu.

Siku moja mama mkwe alinituma sokoni kununua samaki. Pale penye mikeke, wale samaki wetu warefu, nilimkuta yule mvuvi mrefu wa Kalundu, naye amekimbilia huko. Nilifurahi kumwona. Nikamfanyia utani, "Weye, kaka, ulikuja kunichukua kwetu, ukashindwa hata kuita jina langu? Ulinitafuta kweli ao uliogopa?"

Akaacha kisu. "Nilikuja kukuchukua lini?"

"Mwisho wa mwezi. Mume wangu alikutuma."

"Dada yangu, toka siku ile nilimuvusha, sijarudia upande ule. Hakunituma. Na mitumbwi ya kwetu yote iliyobaki huku, tunajuana sisi wote. Hakutuma muntu."

Nikamwambia umesahau. Akanitazama kwa huruma, na nilichukia huruma ile kabla sijaijua sababu yake.

"Sijasahau. Tulipokuwa katikati ya maji nilimuuliza, sababu ni weye, ninajua baba yako. Nikasema, ule mama na batoto, umewaambia mwezi ukiisha. Mwezi wa juu ao mwezi wa biro? Minye nilikulaka chakula kwenu, ninajua masimulizi yenu. Akacheka. Akasema, 'Atachagua mwenyewe.'"

Nilinunua samaki. Sijui kwa nini, lakini nilichagua wazuri, nikalipa, nikatembea mpaka nyumbani, nikawaweka jikoni. Kisha nikaingia alipokuwa ameketi yeye na mama yake, nikamwambia maneno hayo mawili, "Atachagua mwenyewe," nikangoja.

Hakukana. Alisema ilikuwa vita. Alisema nyumba ilikuwa ndogo, vinywa vilikuwa vingi, alikuwa na mama yake na watoto wa marehemu dada yake na kaka yake asiye na kazi, na alijua mimi nina ndugu wenye samaki, siwezi kufa njaa. Aliongea kwa utulivu, kama alivyoongea ile Jumapili aliponitolea kiti. Nikaelewa kwamba alikuwa amepunguza sukari, na sabuni, na mafuta, na alipofika mwisho wa vitu vya kupunguza bado hesabu haikutosha.

Mama yake alikuwa anatutazama, mara huyu mara yule. "Mukamwana wangu," akasema polepole, "yeye alituambia ni weye ulikatala kuja. Alisema hauwezi kuacha samaki zako." Hakuwa mama mbaya. Alilisogeza bakuli la sukari mbali na mkono wake, na mpaka nilipoondoka katika nyumba ile sikumwona tena akiweka sukari katika chai.

Watu huniuliza kilichoniuma zaidi ni nini, pesa ya magunia ao kuachwa. Vyote viliniuma. Lakini kumpa mtu kicheko chako cha ndani, kile unachomcheka nacho mumeo na yeye anakucheka, halafu akakichukua akakifanya mlango wa kutokea, akijua wewe mwenyewe utaufunga nyuma yake na kuomba radhi, hilo sikujua kama linawezekana. Alinijua mpaka ndani ya kichwa, kama nilivyojisifu. Na niliwafundisha watoto wangu kwamba mjinga ni mimi. Hilo sijamsamehe, na sasa ni mzee, sidhani kama nitaanza.

Nilirudi Kilibula na watoto. Wao niliwaeleza kweli, nikiwa nimeketi nao chini, na mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa hiyo unajua kuhesabu?" Nikamwambia najua sana. Kaka yangu alinikopesha mabeseni mawili ya ndagala, nikaanza tena mchangani, na muda si muda nyumba ikanuka.

Mume wangu alikuja mambo yalipotulia. Alikuja mchana, majirani wote wanaona, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba mabati mapya kichwani. Alikuwa amekonda. Watoto walisimama upande wangu. Nilitazama mabati, nikaona kwamba yanatosha, nikawaita kaka zangu wapande juu, na hawakushuka mpaka msumari wa mwisho umeingia. Yalikuwa yangu, niliyalipa kwa magunia yangu. Mume wangu alikaa juu ya jiwe uani wakati wote, ananyanyuka kuwapasia nyundo.

Walipomaliza alikuja mlangoni na kifurushi chake.

"Mama," akasema, "nitaingia lini?"

Nilisimama chini ya paa langu.

"Mwezi ukiisha," nikamjibu.

Alianza kucheka, akaniona usoni, akaacha. Hakuuliza mwezi gani.